Kutafuta na Kupima Habari: Mwanafunzi wa Chuo Mbele ya Kompyuta

Hadi miaka ya 1980 mwanafunzi wa chuo aliyetakiwa kuandika insha juu ya, tuseme, ugonjwa wa surua, alikuwa na njia moja tu iliyo wazi. Alikwenda maktabani, akavuta vijisanduku vya kadi zilizopangwa kwa alfabeti, akanakili namba ya kitabu na kukitafuta rafuni. Asipokiona alimwendea mkutubi. Kazi hiyo ilikula muda mwingi, na vitabu vyenyewe vilikuwa vichache. Lakini kitabu alichokishika mkononi kilikuwa kimekwisha kupita kwa watu kadhaa kabla ya kumfikia: mwandishi, mhariri, mchapishaji, na mkutubi aliyeamua kukinunua hicho na kukiacha kingine. Kila mmoja wa watu hao alikuwa ni chujio. Machujio hayo hayakuwa kamili, kwani vitabu vya uongo vilichapwa zamani pia. Hata hivyo yalikuwapo, na mwanafunzi aliyategemea bila hata kujua kwamba anayategemea.

Siku hizi mwanafunzi huyohuyo huandika neno "surua" katika simu ya mkononi, na kabla hajavuta pumzi ya pili ameletewa orodha ya kurasa elfu nyingi. Andiko la daktari bingwa, tangazo la muuza dawa na porojo za mtu asiyejulikana huonekana katika kioo kimoja, kwa herufi za namna moja na kwa picha zilizopambwa sawasawa. Kazi ya kuchuja, ambayo ilikuwa ya watu wanne au watano, imemwangukia msomaji peke yake.

Je, msomaji huyo anaiweza kazi hiyo? Katika makala haya tutaangalia majibu yaliyopatikana kwa uchunguzi, hasa nchini Marekani, kwa kuwa huko ndiko wanafunzi walikopimwa kwa vipimo vilivyo wazi na kwa idadi kubwa. Hatudai kwamba mwanafunzi wa Marekani na mwenzake wa Afrika Mashariki ni sawa kwa kila hali. Lakini mitambo wanayoitumia ni ileile, nayo haibadili tabia yake inapovuka mpaka wa nchi. Kwa hiyo yafaa tuanze na mtambo wenyewe.

Mtambo wa kutafutia hufanyaje kazi?

Watu wengi hudhani kwamba mtambo kama Google hupewa swali, ukaenda kulitafutia jibu duniani, kisha ukarudi nalo. Sivyo. Kazi kubwa imekwisha kufanywa kabla mtu hajauliza. Programu maalumu huzunguka katika intaneti usiku na mchana, zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine na kunakili yaliyomo. Manukuu hayo hutengenezewa faharasa, mfano wa ile iliyo mwishoni mwa kitabu cha kiada: kila neno na orodha ya kurasa linamopatikana. Mtu anapouliza, mtambo hutazama faharasa yake tu. Ukurasa ambao haukuingizwa katika faharasa hautaonekana, hata ukiwa na maarifa bora kuliko yote.

Sasa ikiwa neno moja linapatikana katika kurasa milioni moja, upi uwekwe juu? Mwaka 1998 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walitangaza njia waliyoiita PageRank. Fikira yenyewe ni nyepesi. Ukurasa mmoja unapouelekeza msomaji kwenye ukurasa mwingine, hesabu huchukulia kuwa umeupigia kura. Tena kura hazina uzito mmoja: kura ya ukurasa wenye kura nyingi ni nzito kuliko ya ukurasa usiojulikana.

Tuchukue mfano wa kurasa tatu, A, B na C. Ukurasa A unaelekeza kwa B na kwa C. Ukurasa B unaelekeza kwa C tu. Ukurasa C unaelekeza kwa A tu. Kila ukurasa upewe alama 100 za kuanzia, na katika kila mzunguko ugawe alama zake zote sawasawa kwa kurasa unazozielekeza. Baada ya mzunguko wa kwanza, A atapata 100 kutoka kwa C. B atapata 50, yaani nusu ya alama za A. Na C atapata 150, yaani 50 za A na 100 za B. Mzunguko wa pili utampa A 150, B 50 na C 100. Wa tatu: A 100, B 75, C 125. Wa nne: A 125, B 50, C 125. Tukiendelea hivyo, namba zitayumba kidogokidogo mpaka zitulie karibu na 120 kwa A, 60 kwa B na 120 kwa C. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kulithibitisha jambo hili kwa milinganyo ya kawaida, bila kuzungusha chochote: A ni sawa na C, B ni nusu ya A, na jumla yao ni 300.

Msomaji atazame sasa kitu kilichokosekana katika hesabu hiyo. Hakuna mahali popote tulipouliza kama yaliyoandikwa katika ukurasa C ni ya kweli. Tumehesabu viungo tu. Mitambo ya leo huongeza mambo mengine mengi sana juu ya hesabu hii, kama vile lugha ya mwulizaji, mahali alipo na upya wa habari, na wenye mitambo hujitahidi kuwazuia wadanganyifu. Lakini msingi umebaki palepale. Nafasi ya juu katika orodha ni ushahidi kwamba ukurasa unajulikana na unafanana na maneno yaliyoulizwa, wala si hati ya ukweli. Tena juu kabisa ya orodha mara nyingi huwekwa matangazo yaliyolipiwa, yenye alama ndogo inayopitwa kwa urahisi na jicho lenye haraka.

Wanafunzi hutafutaje?

Mwaka 2008 ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, mradi wa kuchunguza jinsi wanafunzi wa vyuo wanavyotafuta habari, ukiongozwa na Alison Head na Michael Eisenberg. Taarifa yao ya mwaka 2009 ilitokana na majibu ya wanafunzi 2,318 wa vyuo 6. Ile ya mwaka 2010 ilitokana na majibu ya wanafunzi 8,353 wa vyuo 25. Zilikuwa ni hojaji, na hojaji hutuambia mambo watu wanayosema kwamba wanayafanya, si lazima yale wanayoyafanya. Hata hivyo zimeonyesha mambo matatu yanayomfaa mwalimu.

La kwanza, wanafunzi hawakuwa wavivu wa kukimbilia Google kwa kila jambo, kama wakubwa walivyozoea kusema. Kwa kazi za darasani walianza na maandiko waliyopewa na mwalimu. Google ilitangulia katika mambo ya maisha ya kila siku: afya, manunuzi, nafasi za kazi. La pili, wanafunzi wanane katika kila kumi walisema kwamba ni mara chache mno, au hawakuwahi kabisa, kumwendea mkutubi awasaidie katika kazi ya masomo. Mtu pekee katika chuo aliyesomea kazi ya kutafuta maandiko ndiye aliyeachwa ameketi bila wateja. La tatu ndilo lililowashangaza wengi: asilimia 84 walisema kwamba sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa ni kuanza. Hawakujua swali lao hasa ni lipi, litoshe upana gani, na likatwe wapi. Maandishi yalikuwa tele. Swali ndilo lililokosekana.

Jambo hilo la tatu ni la mwalimu kuliko la mwanafunzi. Kazi inayosema "Eleza juu ya malaria" itamrudisha mwanafunzi na kurasa nane zilizonakiliwa. Inayosema "Kwa nini chandarua chenye dawa humkinga hata mtu anayelala jirani bila chandarua?" humlazimisha kutafuta, kulinganisha na kuacha.

Imani kwa cha kwanza

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walifanya jaribio la namna nyingine, lililochapishwa mwaka 2007. Hawakuwauliza wanafunzi wanafanya nini; walizifuata mboni za macho yao kwa kifaa maalumu wakati wakisoma orodha za Google. Kisha wakafanya ujanja. Kundi moja liliona orodha kama ilivyo. La pili liliona orodha ambayo ukurasa wa kwanza na wa pili vimebadilishana nafasi. La tatu liliona orodha iliyopinduliwa kabisa, ya mwisho ikawa ya kwanza. Wanafunzi hawakuambiwa lolote.

Ikawa kwamba waliendelea kuzichagua kurasa za juu, hata pale zilipokuwa ndizo zisizofaa. Waliopewa orodha iliyopinduliwa walitumia muda zaidi kuitazama, kana kwamba macho yao yalihisi kitu hakikukaa sawa, lakini mkono bado ulivutwa juu. Hawa walikuwa wanafunzi wa chuo kinachoheshimika sana Marekani. Haikuwa shida ya akili. Ni mazoea. Kwa kuwa mara nyingi mtambo haukuwahi kuwaangusha, walikuwa wamekabidhi uamuzi wao kwake.

Jaribio la Stanford

Uchunguzi unaostahili kuelezwa kwa urefu ni ule wa Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliotolewa mwaka 2017. Waliwachukua watu 45 wa namna tatu: wanahistoria 10 wenye shahada ya udaktari, wahakiki wa habari 10 wanaofanya kazi hiyo katika vyombo vya habari, na wanafunzi 25 wa Stanford. Kila mmoja aliketishwa mbele ya kompyuta yenye intaneti, akapewa kurasa za kupima, na akatakiwa kuzisema fikira zake kwa sauti wakati akifanya kazi.

Katika zoezi moja walionyeshwa makala mawili juu ya uonevu wa watoto mashuleni. La kwanza lilitoka kwa American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto kilichoanzishwa mwaka 1930, chenye wanachama zaidi ya 60,000, na ambacho huchapisha jarida la kitaalamu linalosomwa duniani kote. La pili lilitoka kwa American College of Pediatricians. Jina linafanana, na tovuti yake ilikuwa safi, yenye nembo, marejeo na maneno ya kidaktari. Kumbe hiki ni kikundi cha wanachama mia chache tu, kilichojitenga mwaka 2002 kwa kutokubaliana na chama kikubwa juu ya sera ya kuasili watoto. Kikundi kina haki ya kuwa na maoni yake. Jambo lililopimwa hapa halikuwa maoni. Swali lilikuwa kama msomaji atatambua ni nani hasa anayezungumza naye, na kwa niaba ya madaktari wangapi.

Wahakiki wote 10 walitambua. Kati ya wanahistoria, nusu tu ndio waliosema kwamba chama kikubwa ndicho cha kutegemewa zaidi. Na wanafunzi? Wengi wao walikichagua kile kikundi kidogo.

Tofauti haikuwa elimu. Wanahistoria wamesoma kuwazidi wahakiki, na kazi yao ya kila siku ni kupima ushahidi. Tofauti ilikuwa katika mwendo wa macho na mikono. Wanafunzi na wanahistoria wengi walisoma kwa wima: waliingia katika ukurasa, wakausoma kutoka juu hadi chini, wakatazama kama umeandikwa vizuri, kama una marejeo, kama una tarehe, kama anwani yake imeishia na ".org". Walikuwa wanamwuliza shahidi mwenyewe kama ni mkweli. Wahakiki walifanya kinyume. Baada ya sekunde chache, kabla hata hawajasoma aya ya kwanza, waliuacha ukurasa, wakafungua dirisha jingine la kompyuta na kuuliza ulimwengu wa nje: hawa ni akina nani? Waliporudi, kama walirudi, walisoma wakijua wanamsoma nani. Watafiti waliuita mtindo huu kusoma kwa pembeni.

Wahakiki walikuwa na tabia nyingine iliyo ndogo lakini yenye faida. Walipoletewa orodha na Google hawakubonyeza cha kwanza. Walisita, wakaishusha orodha mpaka chini, wakasoma vipande vya maelezo na anwani, ndipo wakachagua. Msomaji akumbuke wale wanafunzi wa Cornell.

Juu ya ".org" inafaa neno moja, maana walimu wengi bado huifundisha kama alama ya uaminifu. Anwani ya ".org" hununuliwa na mtu yeyote mwenye fedha kidogo, bila kuulizwa kama ni chama, kampuni au mtu binafsi. Anwani za ".ac.tz" na ".go.tz" nchini Tanzania, au ".ac.ke" na ".go.ke" nchini Kenya, zimetengwa kwa vyuo na kwa serikali, hivyo zinatuambia kitu juu ya mwenye ukurasa. Hazituambii kama hesabu zilizo ndani ya ukurasa ni sahihi, wala kama zimehuishwa tangu miaka kumi iliyopita.

Watafiti walewale wa Stanford walikwenda pia kwa wanafunzi wa sekondari. Kati ya Juni 2018 na Mei 2019 waliwapima wanafunzi 3,446 katika sehemu mbalimbali za Marekani. Walionyeshwa filamu fupi isiyo na jina la mpigaji, iliyodaiwa kuonyesha wizi wa kura katika uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2016. Ukweli ni kwamba filamu hiyo ilipigwa Urusi. Asilimia 52 walisema kuwa ni ushahidi mzito wa wizi huo, na intaneti walikuwa nayo mbele yao. Waliogundua chanzo chake walikuwa watatu. Si asilimia tatu, wanafunzi watatu. Katika zoezi jingine walipewa tovuti iliyoandika juu ya tabia ya nchi, yenye uhusiano na wenye biashara ya makaa ya mawe na mafuta, na asilimia 96 hawakufikiri ni kwa nini uhusiano huo ungeweza kupunguza uzito wa maneno yake.

Mtu asikate tamaa haraka. Katika mji mmoja wa Marekani walimu wa uraia walipewa mafunzo, nao wakafundisha vipindi 6 vya dakika 50 juu ya kusoma kwa pembeni. Wanafunzi 499 walilinganishwa, waliofundishwa na wasiofundishwa, na waliofundishwa walionyesha maendeleo ya wazi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2022. Vipindi sita si vingi. Ni muda ambao shule nyingi hupoteza katika wiki ya kwanza ya muhula.

Ensaiklopidia ya watu wote

Swali ambalo walimu huliuliza mara kwa mara ni hili: mwanafunzi aruhusiwe kutumia Wikipedia? Katika ule uchunguzi wa Washington, asilimia 52 ya wanafunzi waliitumia mara kwa mara hata pale mwalimu alipowashauri wasiitumie. Kwa hiyo kuikataza ni kufundisha kuficha.

Wikipedia ilianzishwa Januari 2001, na mtu yeyote anaweza kuandika au kusahihisha ndani yake. Hatari yake ilidhihirika mwaka 2005, ilipogunduliwa kuwa makala juu ya mwandishi wa habari wa Marekani John Seigenthaler yalikuwa yamemshuku, kwa uongo mtupu, kuhusika katika mauaji ya Rais Kennedy. Maneno hayo yalikaa miezi minne bila kuondolewa. Mwaka huohuo jarida la Nature liliwapa wataalamu makala 42 ya sayansi ya Wikipedia na ya Encyclopaedia Britannica, bila kuwaambia lipi ni la nani. Walikuta makosa 162 katika Wikipedia na 123 katika Britannica, yaani takriban manne kwa matatu kwa kila makala. Wenye Britannica waliyapinga vikali matokeo hayo, na mabishano yao yanastahili kusomwa. Lakini hata tukiwapa haki yao kiasi fulani, pengo si kubwa kama watu walivyodhani.

Ushauri wetu ni kwamba Wikipedia itumike kama mlango, si kama chumba. Wahakiki wa Stanford waliitumia sana, lakini walishuka moja kwa moja hadi mwisho wa makala, kwenye marejeo, na kutoka hapo wakaenda kwenye chanzo. Kuna pia sehemu ya historia, inayoonyesha kila badiliko na tarehe yake. Mwanafunzi akikuta makala yamebadilishwa mara ishirini katika siku mbili, ajue pana ugomvi.

Kwa msomaji wa Kiswahili pana ugumu wa ziada. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na ina makala zaidi ya 70,000. Ya Kiingereza ina zaidi ya milioni 6. Tofauti hiyo si ya wingi tu. Kusoma kwa pembeni kunategemea kuwapo kwa mashahidi wengine, na dai lililoandikwa kwa Kiswahili mara nyingi halina shahidi wa pili wa Kiswahili wa kulithibitisha au kulikanusha. Likisambazwa, husimama peke yake. Mwanafunzi azoee kuuliza swali lilelile kwa lugha zote mbili na kulinganisha. Na walimu wenye ujuzi, kwa nini wasiandike?

Andiko linaloweza kufutwa

Wapo wanaosema kwamba dawa ya haya yote ni kumwagiza mwanafunzi atumie majarida ya kitaalamu tu. Tuutazame mfano wa surua tulioanza nao.

Februari 1998 jarida la madaktari la Lancet, la Uingereza, lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake juu ya watoto 12. Makala yalidokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua, matubwitubwi na rubella, na ugonjwa wa usonji. Yalikuwa na kila alama ya ubora ambayo mwanafunzi hufundishwa kuitafuta: jarida kongwe, waandishi wenye shahada, majedwali, marejeo. Uchunguzi wa mwandishi wa habari Brian Deer, ulioanza kutolewa mwaka 2004, ulifichua kasoro kubwa katika jinsi watoto walivyochaguliwa na habari zao zilivyoandikwa, pamoja na malipo ambayo Wakefield hakuyatangaza. Tafiti za watoto wengi sana katika nchi mbalimbali hazikuuona uhusiano huo. Februari 2010 Lancet iliyafuta makala hayo, na Mei mwaka huo Wakefield aliondolewa katika daftari la madaktari. Katika muda huo chanjo hiyo nchini Uingereza ilikuwa imeshuka kutoka zaidi ya asilimia 90 ya watoto katikati ya miaka ya 1990 hadi karibu asilimia 80 mwaka 2003. Surua huambukiza kwa urahisi mno, na ili isienee, karibu watoto 95 katika kila 100 wahitaji kuwa na kinga. Watoto walilipa deni la karatasi moja.

Katika tovuti ya Lancet makala hayo bado yapo, yakiwa na maandishi makubwa yanayosema yamefutwa. Lakini nakala zilizochukuliwa zamani na kusambazwa hazina maandishi hayo. Hakuna usomaji wa wima, hata uwe makini namna gani, utakaomwonyesha mwanafunzi kwamba nakala aliyo nayo imefutwa. Habari hiyo ipo nje ya karatasi.

Mashine zinazojibu

Tangu Novemba 2022, ilipotolewa programu ya ChatGPT, wanafunzi wengi hawaombi tena orodha ya kurasa, huomba jibu. Programu za namna hii zimefunzwa kwa maandishi mengi mno mpaka zikaweza kukadiria neno lipi lina uwezekano mkubwa wa kufuata maneno yaliyotangulia. Matokeo yake ni sentensi zilizonyooka, mara nyingi zenye ukweli. Lakini sentensi inayoelekea kuwa kweli na sentensi iliyo kweli hutoka katika kinu kimoja, na sauti yao ni moja. Mwaka 2023 mahakama moja mjini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kupeleka hoja iliyotaja kesi za zamani ambazo hazikuwahi kuwapo. Zilikuwa zimetungwa na programu hiyo, pamoja na majina na namba zake. Baadhi ya programu sasa huambatanisha viungo vya kurasa zilikotoa habari. Ni msaada mkubwa, kwa mwanafunzi atakayevifungua.

Kazi ya darasani

Shule yenye simu moja tu ya mwalimu inaweza kufanya somo hili. Mwalimu achague tovuti moja asiyoifahamu, kwa mfano ya muuza mbolea au dawa za asili, na kuiandika anwani yake ubaoni. Wanafunzi wapewe nusu dakika ya kuutazama ukurasa wa mbele, kisha simu igeuzwe. Waandike maswali matatu ambayo ukurasa wenyewe hauwezi kuyajibu kwa haki: mwenye nao ni nani, nani mwingine amemtaja, na nani hufaidika tukimwamini. Ndipo mwalimu atafute nje ya ukurasa huo, akisoma kwa sauti vipande vya maelezo katika orodha kabla ya kubonyeza chochote, na darasa lipige kura ni kipi kifunguliwe.

Shule isiyo na intaneti ifanye hesabu. Wanafunzi watatu wasimame wawe A, B na C, wakiwa na kokoto 100 kila mmoja, na wagawe kama tulivyoeleza juu. Watakapochoka, aongezwe wa nne, D, mwenye kokoto 100 zake, ambaye ni ukurasa mtupu uliotengenezwa na mwenye B. Sasa B anaelekeza kwa C na kwa D, na D anaelekeza kwa B tu. A na C hawakubadili kitu. Kwa jumla ya kokoto 400, A, B na C watakaribia 114 kila mmoja, na D 57. B, ambaye mwanzoni alikuwa na nusu ya alama za A, amelingana naye, na maandishi yake hayakuongezwa hata neno moja. Darasa litafute kwa milinganyo ni kwa nini, kisha lijaribu kumwongeza E.